Nyoka wa Ardhini Msimu wa Mvua: Kwa Nini Hutoka Mashimoni, na Muislamu Afanye Nini

  

Kila mvua za vuli zinapoanza katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, swali moja hurudi: nyoka hawa wanatoka wapi? Wiki mbili nyuma ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe na hakuna aliyeona hata mmoja. Mvua ikinyesha siku mbili tatu na plau ikaingia shambani, nyoka wadogo wanaong'aa hufumuka kwenye matuta. Usiku mwingine mmoja hukutwa barazani, au kwenye njia ya kwendea msikitini. Wapo wanaowaua wote bila kubagua. Wapo wanaodhani kila mmoja ni jini. Na wapo, tunajikinga kwa Mwenyezi Mungu, wanaokwenda kwa mganga kuuliza ni jirani gani aliyewatuma.

Ndugu msomaji, suala hili si dogo. Linagusa uhai wa mtu, itikadi yake, na heshima ya jirani yake, na yote matatu Sharia imeyalinda. Nyoka hawa hawatumwi na mtu. Wana msimu wao wa kula, kutafutana na kuzaa, waliopangiwa na Muumba wao, na msimu huo unakwenda na mvua. Anayeujua hujua lini ajihadhari, nani wa kuogopwa na nani wa kuachwa.

Viumbe wanaoishi chini ya ardhi

Katika Surat An-Nur, aya ya 45, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba ameumba kila kiumbe kwa maji, na wa kwanza aliowataja ni wale wanaotambaa kwa matumbo yao. Wengi wao hatuwaoni kwa sababu maisha yao karibu yote yako chini ya udongo.

Wanaoonekana zaidi mvua zikianza ni nyoka vipofu. Macho yao ni vidoa viwili vyeusi vilivyofunikwa na magamba, vinavyotosha kutofautisha mwanga na giza. Magamba ya mwili ni laini na yanang'aa, ili udongo usiwakwaze wanapopita. Mkia ni mfupi, butu, na una kijimwiba kidogo cha kujisukumia. Kichwa na mkia vinafanana, ndiyo maana watu wengi huwaita nyoka wenye vichwa viwili. Ukweli ni kwamba kichwa ni kimoja. Mdomo wao ni mdogo sana na uko chini ya pua, hawana sumu, na hawawezi kumdhuru mtu. Kile kijimwiba cha mkia kinaweza kukuchoma kidogo ukimshika, lakini hakina sumu. Chakula chao ni mchwa na siafu, hasa mayai na watoto wao. Kwa maana hiyo, mkulima anayelalamika kwamba mchwa wanamwangushia mahindi ana msaidizi chini ya shamba lake asiyemjua.

Mmoja wa jamii hii, mdogo kama mnyoo, anapatikana Zanzibar na mwambao, na amesambaa duniani ndani ya udongo wa vyungu vya maua. Nyoka hao wote ni majike. Jike hutaga mayai bila dume, na mayai yakatoa majike wengine. Anayestaajabu jinsi Maryam (a.s.) alivyopata mtoto bila ya kuguswa na mwanamume, na muujiza wake ni mkubwa zaidi bila ya shaka, hapa ana ukumbusho mdogo kwamba sababu zote ziko mikononi mwa Aliyeziumba.

Kwa nini wakati wa mvua

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, nyoka huzaa wakati wa joto kwa sababu baridi huwalaza. Uchunguzi wa nyoka vipofu wa kusini mwa Afrika, uliofanywa kwa kupasua na kutazama nyoka waliohifadhiwa katika makumbusho, ulionyesha kwamba majike huwa na mayai katika miezi ya joto, ambayo huko ndiyo miezi ya mvua.

Tarime mjini na Mugumu ni tofauti. Miji yote miwili iko kati ya digrii 1 na 2 kusini mwa Ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki ila kwa dakika chache mwaka mzima, na joto halipandi wala kushuka sana. Kinachobadilika ni maji. Kuna kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti au Septemba, kisha vuli inayokwenda hadi Disemba, kisha nafuu fupi ya mvua, halafu masika ya Machi hadi Mei. Kwa kiumbe anayeishi ardhini, hiyo ndiyo kalenda. Nayo humwongoza kwa njia nne.

Kwanza, udongo. Kiangazi udongo hukauka na kukaza, na nyoka asiye na miguu wala kucha hawezi kuupenya kwa urahisi. Hushuka chini kwenye unyevu, au hukaa ndani ya vichuguu na chini ya mawe makubwa. Mvua ikilainisha ardhi, njia hufunguka.

Pili, mayai. Yai la kuku lina gamba gumu linalohifadhi maji yake. Mayai ya nyoka na mijusi wengi yana ngozi laini, na hunywa maji kutoka kwenye udongo unaoyazunguka. Likitagwa kwenye udongo mkavu, husinyaa na kufa. Likitagwa kwenye udongo uliofurika, hukosa hewa. Linahitaji unyevu wa kadiri.

Tatu, chakula. Mvua za kwanza ndizo zinazowatoa kumbikumbi, na vichuguu hujaa uhai. Nyoka kipofu hufuata harufu ya mchwa na siafu hadi kwenye kiota chao, na akifika hula wengi kwa mara moja, kisha hukaa muda mrefu bila kula. Jike mwenye mafuta mwilini ndiye anayeweza kutengeneza mayai, na watoto wakitoka hukuta riziki iko tayari. Surat Hud, aya ya 6, inatufundisha kwamba hakuna kiumbe katika ardhi ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba anajua makazi yake na mahali pake pa kuwekwa. Mwenye kutaka kuona maana ya aya hiyo, atazame kichuguu baada ya mvua.

Nne, kutafutana. Dume anayeishi peke yake chini ya ardhi lazima amfikie jike, na usiku wenye unyevu anaweza kutembea juu bila ngozi yake kukauka. Pia mashimo hujaa maji na kuwafukuza walio ndani. Kwa hiyo wengi unaowaona usiku baada ya mvua ni wasafiri: wanamtafuta mwenzi, wanafuata chakula, au wamefurikiwa.

Si lazima kupandana na kutaga viwe katika wiki moja. Majike wa nyoka wengi wanaweza kuhifadhi mbegu ya dume mwilini kwa miezi kadhaa na kuitumia hali ikiwa nzuri. Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 8, tumeelezwa kwamba Mwenyezi Mungu anajua anachobeba kila jike, na yanayopungua na kuzidi matumboni, na kwamba kila kitu kwake ni kwa kipimo. Aya haikusema kila mwanamke tu. Imesema kila jike.

Kipimo cha kila mmoja si kimoja

Mtu asidhani kwamba wote wanafuata utaratibu mmoja. Jike la kenge wa majini, anayeonekana kando ya Mto Mara, husubiri mvua ilainishe kichuguu, akakichimba ubavuni na kutaga mayai ndani, kati ya 20 na 60 hivi. Kisha huondoka. Mchwa wenyewe huziba tundu, na mayai hubaki ndani ya chumba chenye joto na unyevu usiobadilika. Miezi mingi baadaye watoto hutoboa na kutoka mvua inapolainisha tena ukuta.

Mamba wa mto huohuo hufanya kinyume. Huchimba mchangani na kutaga wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, kwa sababu akitaga wakati wa mafuriko mayai yatazama. Baada ya miezi mitatu hivi watoto huita wakiwa bado ndani ya mayai, na mama yao huwafukua, mara nyingi mvua zikiwa karibu. Mto mmoja, viumbe wawili, majira mawili, na kila mmoja amefundishwa linalomfaa.

Hapa kuna jambo dogo la lugha. Hadithi mashuhuri ya kuwafuata waliotutangulia hata wakiingia shimoni mwa dhwabbi, Waswahili wengi wameizoea kwa tafsiri ya "shimo la kenge". Dhwabbi ni mjusi wa jangwani wa Bara Arabu, mwenye mkia wa miiba, anayechimba shimo lake na kula majani. Kenge wetu anakula nyama na mizoga. Basi mtu asichukue ruhusa iliyokuja katika hadithi ya Khalid bin Walid (r.a.) kuhusu kula dhwabbi akaibandika kwa kenge wa Mto Mara. Hao ni wanyama wawili, na suala la kenge aulizwe mwanachuoni kwa jina lake.

Yule wa kuogopwa

Pamoja na nyoka vipofu, ardhini kuna nyoka mwingine ambaye msimu wake wa kutoka ni huohuo. Ni mwembamba, mweusi au wa kahawia iliyokoza, ana kichwa kidogo kisichotofautika na shingo, macho madogo na mkia mfupi. Jamii yake inaenea Afrika na hadi Bara Arabu, na Tanzania wapo. Meno yake ya sumu ni marefu mno kulingana na kichwa, na huyatoa pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa. Kwa hiyo ule ujuzi wa kumkamata nyoka nyuma ya kichwa haumsaidii mtu hapa: atageuza jino na kuchoma kidole kilichomshika. Wengi wanaoumwa naye ni waliomshika kwa kumdhania asiye na madhara, au waliomkanyaga usiku wakiwa peku.

Uchungu wake ni mkali, sehemu huvimba, na nyama ya kidole inaweza kufa. Baadhi ya aina zake zimeua watu, kwa sababu sumu hubana mishipa ya damu ya moyo. Dawa za sumu ya nyoka zinazotumika huku kwetu Afrika hazikutengenezwa kwa ajili yake, hivyo mgonjwa anahitaji uangalizi wa hospitali mapema.

Kanuni iliyo salama kwa asiyekuwa mtaalamu ni moja: usimshike nyoka yeyote kwa mkono, hata ukiwa na yakini kwamba ni kipofu. Wafundisheni watoto wa madrasa hili kabla ya mvua, kwa sababu wao ndio hucheza na vinavyong'aa.

Je, inajuzu kuwaua?

Kuhusu nyoka mwenye kudhuru, Sharia iko wazi. Katika riwaya ya Muslim kutoka kwa Bi Aisha (r.a.a.), nyoka ametajwa miongoni mwa wanaouawa hata ndani ya Haram. Na katika Sunan imethibiti ruhusa ya kumuua nyoka na nge hata mtu akiwa ndani ya Swala. Swala yenyewe haikumzuia mtu kujilinda. Basi aliyemuua nyoka akihofia madhara hana dhambi.

Kuhusu nyoka anayeonekana nyumbani, ipo hadithi ya Abu Said Al-Khudri (r.a.) katika Sahihi Muslim, kisa cha kijana aliyekuwa bwana harusi mpya zama za Khandaq, na agizo la kumwonya nyoka wa nyumbani siku tatu. Wanavyuoni wamehitilafiana: wapo waliosema agizo hilo ni la nyumba za Madina pekee, na wapo walioliona kuwa la nyumba zote. Lakini Mtume (s.a.w.) alivua aina mbili: mwenye mistari miwili mgongoni na mwenye mkia mfupi, kwa sababu ya madhara yao kwa macho na mimba. Hivyo anayemuua nyoka wa hatari ndani ya nyumba yenye watoto amefuata kauli yenye msingi, wala asilaumiwe.

Ama kwenda shambani kufukua na kuangamiza kila kitambaacho, hilo ni jambo jingine. Surat Al-An'am, aya ya 38, imewaita viumbe wa ardhini kuwa ni umma mfano wetu. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha Nabii mmoja aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru kijiji chote cha chungu kichomwe, akalaumiwa na Mola wake. Pia imekatazwa kuadhibu kwa moto. Kwa hiyo kumwaga petroli shimoni na kuwasha, au kuchoma kichuguu ili nyoka watoke, si njia ya Muislamu. Na mara ngapi moto kama huo umeruka kwenye nyasi ukala shamba la mwenzio. Nyoka kipofu aliyefumuliwa na plau msukume kwa jembe kando ya shamba, uendelee na kazi yako.

Na ipo hadithi katika Abu Daud na Nasai inayokataza kukojoa kwenye tundu la ardhini. Wanavyuoni wamezungumzia nguvu ya isnadi yake, na wamezitaja hekima mbili: huenda ni makazi ya majini, na huenda ndani yake mna mnyama atakayekudhuru au utakayemuudhi. Ukiyajua yaliyomo mashimoni msimu wa mvua, hekima hiyo ya pili haihitaji maelezo.

Majini, uchawi na jirani

Tunaamini majini yapo, na kwamba wanaweza kujitokeza kwa sura ya nyoka, kama ilivyo katika hadithi tuliyoitaja. Lakini kuamini hilo hakumaanishi kwamba kila nyoka ni jini, wala kwamba nyoka kumi baada ya mvua ni jeshi lililotumwa. Jambo linalorudi kila mwaka, mvua zilezile zinapoanza, katika mashamba ya watu wote, wema na waovu, ni ada aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika uumbaji wake. Kulifanya kuwa ni mkosi ni tiyara aliyoikataza Mtume (s.a.w.).

Hatari iko kwa mganga. Imepokewa na Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, Swala yake haikubaliwi siku arobaini. Na mganga akishamtaja jirani, mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, asiye na wa kumsemea. Kwa neno moja mtu anavunja amri ya kuepuka dhana iliyo katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, anamzulia Muislamu au asiyekuwa Muislamu jambo asilolifanya, na anaweza kufungua mlango wa damu. Siku ya Kiyama mama huyo atamdai, na jibu la "nilimwona nyoka mlangoni kwangu" halitafaa kitu.

Mtu akiumwa

Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Wengi ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini, watu kama sisi. Wengi pia hufa au kukatwa viungo kwa sababu ya kuchelewa.

Mtulize mgonjwa, asitembee wala kukimbia. Mvue pete, bangili na saa kabla ya kuvimba. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kisichezecheze, kama cha aliyevunjika, na afikishwe kituo cha afya au hospitali mara moja. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usipake mafuta ya taa, na usipoteze saa nzima kwa kubandika jiwe jeusi. Msipoteze muda kumsaka nyoka. Picha ya simu kwa mbali, kama inawezekana, inatosha.

Na ruqya? Ni haki. Katika Bukhari wapo maswahaba waliomsomea Al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu, akapona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Basi msomeeni mgonjwa mkiwa njiani kwenda hospitali. Mtume (s.a.w.) aliyeikubali ruqya ile ndiye aliyetuamuru kujitibu. Hakuna kati ya mawili hayo linaloliondoa lingine.

Kabla mvua hazijaanza

Fyekeni majani kando ya nyumba na kando ya njia ya msikiti. Ondoeni rundo la kuni, matofali na takataka kwenye kuta. Anayekwenda Swala ya Isha na ya Alfajiri avae viatu vilivyofunika mguu na ashike tochi. Anayelala chini atumie chandarua na akikunjie chini ya mkeka au godoro. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Mtume (s.a.w.) alituamuru tukung'ute malazi kabla ya kulala, kwani mtu hajui kilichoingia baada yake, na alitufundisha tunapotua mahali kujikinga kwa maneno timilifu ya Mwenyezi Mungu na shari ya alivyoviumba. Ni Sunna mbili nyepesi, na hazina msimu unaozihitaji kama huu.

Maimamu wa Tarime na Serengeti tunawaomba walitaje jambo hili katika khutba ya Ijumaa mvua za kwanza zinapoonekana: kwamba nyoka wana wakati wao, kwamba jirani hana hatia, na kwamba aliyeumwa ana haki ya kufikishwa hospitali kabla ya kufikishwa kwingine kokote.

Wallahu aalam.